Mgeni Katika Mitaa Isiyo na Sanamu

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi na aje mgeni mmoja, miwani puani na ramani mkononi, apande matatu ya Buruburu, nambari 58, azuru mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Anavyovitafuta ni vitu vitatu tu: bustani ya umma, mnara wa kumbukumbu na sanaa ya kutazamwa nje bila kiingilio. Katikati ya jiji amekwisha kujionea sanamu za askari na wapagazi zilizosimamishwa mwaka 1928, sanamu ya Dedan Kimathi iliyozinduliwa mwaka 2007 na ya Tom Mboya ya mwaka 2011. Sasa anaelekea mashariki, na ramani yake inanyamaza.

Makanga anapoulizwa sanamu ziko wapi, anaangua kicheko. Huko Dandora, karibu na jaa la taka, mgeni anaona umbo refu la kijivu lililosimama kimya, shingo ndani ya mabega, mithili ya mzee wa baraza. Anaitoa kamera kwa furaha. Sanamu inapiga mbawa, inaruka. Kumbe ni korongo!

Asivunjike moyo. Kosa lake ni kutafuta kwa macho pekee mahali panapohitaji masikio pia. Kumbukumbu za Eastlands zimehifadhiwa katika majina. Sokoni Kariokor, penye vyondo, viatu vya ngozi na nyama choma, kila anayetaja jina la mahali hapo anakitaja kikosi cha wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliobeba mizigo ya jeshi la Uingereza na kufa kwa makumi ya maelfu. Jina la kikosi hicho kwa Kiingereza lilitafunwa na ndimi za Kiswahili likawa Kariokor, kama lilivyokuwa Kariakoo kule Dar es Salaam.

Mgeni akiendelea mbele atafika Mbotela na Ofafa. Tom Mbotela, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, aliuawa Novemba 1952, mwezi mmoja baada ya hali ya hatari kutangazwa. Diwani Ambrose Ofafa aliuawa mwaka 1953. Mauaji hayo yalinasibishwa na Mau Mau, na utawala wa kikoloni ukawaenzi marehemu kwa kuipa mitaa majina yao. Kwa hiyo, Kimathi ana sanamu mjini, nao Mbotela na Ofafa wana maelfu ya milango iliyoandikwa majina yao. Historia ya nchi moja imegawanywa pande mbili za jiji, na mtoto anayezaliwa Ofafa Jericho au Ofafa Maringo aghalabu hajui Ofafa alikuwa nani.

Uwanja wa Kamukunji nao umepiga hatua zaidi: umegeuka kuwa nomino. Tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba, wananchi walimiminika huko kudai vyama vingi, wakatawanywa na polisi. Leo mwanafunzi wa chuo kikuu anayeita wenzake kwenye kamukunji anautaja uwanja huo, hata kama hajawahi kuukanyaga. Ni mnara gani wa shaba uliowahi kuingia katika msamiati?

Kuhusu sanaa, mgeni alikuwa ameketi ndani yake tangu asubuhi. Matatu ni jumba la maonyesho lenye magurudumu. Sheria za Michuki za mwaka 2004 zililifunika kwa mstari wa manjano; miaka kumi baadaye, rais wa nchi akaitetea hadharani michoro hiyo ya vijana.

Linalotia wasiwasi ni ardhi. Jina halihitaji ekari, lakini bustani inahitaji. Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, ulipangwa kwa nafasi za wazi kuuzunguka ukumbi wa jamii ambao wenyeji waliufananisha na bunge. Nafasi kama hizo ndizo zinazomezewa mate na wanyakuzi, na ndizo zinazoonekana tupu katika michoro ya wajenzi. Pangani ya zamani imekwisha kubomolewa kupisha maghorofa, na mitaa mingine iko katika mipango ya aina hiyo. Kweli, watu wanahitaji nyumba bora, na hakuna anayekula kumbukumbu. Hata hivyo, mtoto wa ghorofa ya kumi anahitaji mahali pa kuchezea mpira kuliko hata yule wa nyumba ya chini.

Inafaa basi kila mpango wa ujenzi upime kwanza nafasi ya wazi iliyopo na kuihifadhi kisheria isipungue hata hatua moja. Inafaa pia kila mtaa uwekewe kibao cha Kiswahili kinachoeleza jina lake lilikotoka, pamoja na ubishi uliomo ndani ya jina hilo. Kumwondoa Ofafa au kumficha Kimathi hakutaleta suluhu. Wasomwe wote wawili.

Kibao ni bei nafuu kuliko sanamu. Na mgeni akirejea, makanga atakuwa na jibu.