Kulala Chini ya Mnara wa Chumbe

Tumeulizwa na mama mmoja kama nyumba ya wageni iliyoko kisiwani Chumbe yafaa familia ya Kiislamu. Tunajibu kwa kirefu kidogo, kwa kuwa swali lenyewe lina mengi ndani yake.

Chumbe ni kisiwa kidogo cha matumbawe kusini mwa mji wa Unguja, na wageni huvuka kwa mashua. Waingereza walijenga mnara wa taa hapo mwaka 1904, na kando yake upo msikiti mdogo uliokuwa wa walinzi wa taa. Hatukujua kabla kwamba waliowasha taa ile walikuwa na mahali pao pa kusujudia. Mnara na msikiti vyote vingalipo. Nyumba ya mlinzi, iliyokuwa gofu, imefanywa ukumbi wa kupokelea wageni.

Wageni hulala katika vibanda saba vya makuti. Kisima cha maji matamu hakuna, hivyo mvua hunaswa na paa la kila kibanda, ikachujwa na kuhifadhiwa katika tangi lililo chini ya sakafu. Umeme ni wa jua. Choo hakivutwi kwa maji, bali uchafu hugeuka mboji. Aliyezoea kuacha mfereji wazi akitawadha ataona tabu, ingawa Mtume wetu (S.A.W.) alitosheka na kibaba kimoja cha maji kwa udhu wake. Akina mama wajue pia kwamba upande wa kibanda uelekeao bahari uko wazi, wala hauna mlango wala kioo. Mwenye kushika stara aulize mapema vibanda vimepangwaje na wageni wengine ni kina nani.

Ada ni kubwa, imekadiriwa kwa mfuko wa mtalii, wala hatutamlaumu baba atakayesema hawezi. Lakini fedha hizo zina kazi. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba wa magharibi mwa kisiwa kuwa hifadhi, na uvuvi ukakatazwa. Waliopewa kazi ya kuulinda ni wavuvi wa vijiji vya jirani, ambao hawabebi silaha. Humfuata mvuvi mwenzao kwa maneno na kumweleza kwamba samaki wanaozaliana pale hutoka wakaenda kwenye nyavu zake. Msituni mmewekwa paa nunga, mnyama adimu, na usiku hutambaa kaa wa minazi, wakubwa kuliko kaa wowote wa nchi kavu.

Lililotugusa zaidi ni watoto. Kwa mapato ya wageni, wanafunzi wa shule za Zanzibar huletwa kisiwani bila malipo, wakavaa miwani ya kuzamia na kuyaona matumbawe kwa macho yao. Wengi wao, hasa wasichana, wamezaliwa hatua chache kutoka ufukweni na hawajapata kuelea majini.

Hapa hatutaficha tuonavyo. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit, ikitoka Dar es Salaam na abiria wengi, wakiwamo wanawake na watoto, ilizama karibu na kisiwa hiki hiki. Allah awarehemu waliofariki. Kujua kuogelea hakumwokoi kila mtu katika bahari iliyochafuka, lakini binti asiyewahi kuingia majini huangamia kwa hofu kabla ya mawimbi. Huku kwetu Mombasa, Lamu na Kwale tumewaachia wavulana bahari, na mabinti tukawaambia wakae mchangani wakilinda viatu.

Basi, mama uliyetuuliza: ukijaaliwa uwezo, nenda, tena uende na binti zako. Usipojaaliwa, mtafute mwanamke ajuaye kuogelea, muwachukue wasichana alfajiri, bahari ikiwa shwari na ufuo hauna watu, wavae nguo nyepesi zenye kusitiri. Waanze pale maji yanapofika kiunoni.