Injini Haifunguliwi kwa Hasira

Kuna kauli ninayoisikia tangu nilipotoka chuo cha ualimu, nami nimeichoka: kwamba mtoto aliyeshindwa mtihani apelekwe akajifunze ufundi, kwa sababu ufundi hauhitaji akili nyingi. Wanaoisema ni watu wa shule, tena wengine ni walimu wenzangu. Nawauliza: mmewahi kufungua injini ndogo ya mapigo mawili, mkatoa kila kipuri, na vyote vikabaki vizima?

Hapa Marangu injini hizo hatuzikosi. Ziko kwenye misumeno ya mnyororo na kwenye mabomba ya mgongoni ya kupulizia mibuni dawa. Chulebuni haimngoji mtu. Bomba likifa wakati wa mvua, mwenye kihamba hana wiki mbili za kusubiri. Langu lilipelekwa kwa fundi mmoja, jina lake silitaji, likarudi na ncha ya krankshafti imepondeka kama kichwa cha msumari wa zamani. Alitaka kutoa flaiwili kwa nyundo. Kifaa kiitwacho pula kingeitoa kwa dakika chache, lakini hakuwa nacho, wala aliyemfundisha kazi hakuwa nacho.

Watu huwalaumu vijana hawa kwa uzembe. Mimi nailaumu shule. Kufungua injini ni somo lenye kanuni zake kama sarufi. Kwanza husafishwa nje, petroli ikamwagwa, plagi ikatolewa. Bolti za kichwa hulegezwa injini ikiwa baridi, kidogo kidogo na kwa mshazari, maana alumini hupinda ikionewa upande mmoja. Skrubu iliyoshika haipigwi. Hutiwa mafuta mepesi ikaachwa hata kesho. Silinda huvutwa moja kwa moja bila kuzungushwa, kwa kuwa ncha ya ringi huweza kunasa kwenye tundu la moshi ikakatika. Kabla ya kugusa kile kibanio kidogo kinachoshika pini ya pistoni, mdomo wa tumbo la injini huzibwa kwa kitambaa safi; kibanio kikitumbukia humo, utakitafuta mpaka jua lizame. Gasketi iliyoganda hukwanguliwa kwa kijiti cha mwanzi. Anayeshika bisibisi kwa kazi hiyo amekwisha kuharibu uso wa chuma.

Na beringi je? Hapa ndipo mafundi wengi huchukua tindo, na hapa ndipo ilipo fizikia ile ile tunayoandika ubaoni. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Likishabaki tupu, lichovye tumbo la injini katika maji yanayochemka, kisha sukuma beringi kwa kipande cha mti. Mara nyingi hutoka bila ugomvi. Mwanafunzi wetu amekariri kwamba metali hutanuka kwa joto, na hakuna aliyemwambia kwamba sentensi hiyo ni kifaa cha kazi.

Huko Ulaya na Marekani wako watu wazima wanaorusha ndege ndogo za mfano, zenye injini ya kuenea kiganjani. Nyingi zimelainishwa kwa mafuta ya mbarika, au nyonyo kama wengi wasemavyo. Zikikaa miaka kabatini, mafuta huganda kama gundi na pistoni haisogei. Wajuao hawaipigi. Huipasha moto taratibu, mafuta yakalegea, ikazunguka. Ule ni mchezo tu, nao wanauheshimu kuliko sisi tunavyoheshimu chombo cha riziki.

Sidharau nyundo. Wahunzi wa Mamba, majirani zetu, wamefua mikuki kwa nyundo vizazi na vizazi, na wanajua chuma kiwe na rangi gani ndipo kipigwe. Wale wamesoma.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na shule nyingi zikaifanya kuwa jembe tu. Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Naiunga mkono, ila nina hofu kwamba amali nayo itafundishwa kwa chaki. "Taja sehemu tano za injini." Mtoto atazitaja zote, atapewa alama zote, kisha siku atakapokutana na flaiwili atatafuta nyundo.

Wakuu wa shule, injini mbovu zinapatikana kwa wauza vyuma chakavu. Nunueni moja, na sinia, na spana zinazoenea sawasawa. Kila mtoto aifungue, apange vipuri kwa utaratibu aliovitoa, airudishe. Huo ndio uwe mtihani, na msahihishaji aanze na vichwa vya skrubu: vikiwa vimeliwa, mtoto arudie, hata kama injini imewaka.