Simu Ipimwe Feri

Mama anayetuuzia mihogo ya kukaanga pale Feri ya Likoni, Mombasa, upande wa kisiwani, ana simu mpya. Aliinunua kwa zamu yake ya chama, na ile karatasi ya nailoni iliyokuja nayo bado hajaibandua. Mteja akisema "nimetuma", mama huweka mwiko chini, huvuta leso iliyo begani, akajifunika gubigubi yeye na simu yake, kama wapiga picha wa zamani waliokuwa wakijitia ndani ya kitambaa cheusi. Huko gizani ndiko anakosoma ujumbe wa M-Pesa. Nje ya leso, saa saba mchana, kioo cha simu hiyo ni kioo cha kujitazamia tu: auona uso wake na jasho lake, pesa haioni.

Kasha la simu hiyo nimelishika kwa mikono yangu. Kioo kimesifiwa humo kuliko bibi harusi.

Nitasema wazi, na anayetaka kununa anune. Simu nyingi tunazouziwa mji huu zimetengenezewa meza ya duka. Dukani kuna kiyoyozi, kuna taa nyeupe, kuna picha ya tausi inayozunguka kwenye kioo kilichopandishwa mwangaza hadi mwisho, na simu yenyewe imefungwa waya kama mbuzi wa Idi asitoroke. Ukimwambia muuzaji, "Hebu nitoke nayo barazani niione juani," atakutazama kama uliyeomba kulala na funguo za duka. Anajua kwa nini.

Mwangaza wa kioo hupimwa kwa niti. Niti 400 au 500, ambazo ndizo zilizojaa kwenye simu za bei ya chini, zatosha sebuleni. Simama juu ya sitaha ya feri pasipo kivuli, jua likikupiga utosini na maji ya Kilindini yakilirudisha kutoka chini, utahitaji maradufu yake. Muuzaji hatakutajia niti hata siku moja. Atakutajia inchi. Atakutajia hezi 90 au 120, yaani kioo kinajichora upya mara ngapi kwa sekunde, jambo tamu kwa kijana anayecheza mpira wa simu kitandani na lisilomfaa mama wa mihogo kwa lolote. Na hata hizo simu za bei ya juu, zenye niti elfu na zaidi, zikishika joto hujipunguzia mwangaza zenyewe zisiungue. Zakukimbia saa ileile unayozihitaji.

Mtu atasema hiyo ni kero ndogo. Kwake yeye labda. Matapeli wanajua kuigiza ujumbe wa M-Pesa neno kwa neno, na anayeuza mihogo ya shilingi hamsini kwa watu walio mbioni kuwahi feri hana nafasi ya kubishana na kila mmoja. Asiyeweza kusoma salio lake juani ameibiwa mara mbili, na mara ya kwanza ilikuwa pale dukani.

Kisha kamera. Hapa wanatufanya watoto.

Wakikwambia megapikseli 50, hawajadanganya. Kamera hiyo kwa kawaida huunganisha nukta nne nne zikawa moja, picha ikatoka ya megapikseli 12 na nusu, na hiyo ni njia halali ya kukusanya mwanga. Uongo uko kwenye yale macho mengine. Geuza simu ya bei nafuu uyahesabu: matatu, pengine manne, yamepangwa kama vishimo vya bao. Moja ni la megapikseli 2, la kupigia mdudu picha kwa karibu. Jingine, kwenye simu kadhaa, limeandikwa kwa herufi za sisimizi: QVGA. Maana yake ni nukta 320 kwa 240. Zidisha: 76,800. Haifiki hata sehemu moja ya kumi ya megapikseli moja. Zile simu za kamera za mwanzoni mwa miaka ya 2000, za VGA, ambazo leo ukimwonyesha mwanao atacheka, zilikuwa na nukta mara nne ya hizo. Jicho hilo ni la kinyago. Limewekwa ili wewe uhesabu macho, uridhike, ulipe.

Nisiwanyime watu haki yao. Kwa miongo mingi filamu za rangi za Kodak zilisawazishwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi iliyoitwa Shirley, na sisi tukatoka kwenye picha za shule kama makaa yenye meno. Transsion ya Shenzhen, wenye Tecno, Infinix na itel, walilishika soko la Afrika, pamoja na mengine, kwa kuzirekebisha kamera zao zizione ngozi zetu. Google ikafuata mwaka 2021 na Real Tone kwenye Pixel 6. Ahsante yao. Lakini ngozi ni nusu ya kazi. Pwani kuna kanzu na buibui.

Mpwa wangu alipiga picha za arusi Mji wa Kale, kwenye uchochoro ulio karibu na Msikiti wa Mandhry, saa kumi na moja jioni, kwa simu iliyokuwa na wiki tatu tangu kununuliwa. Kanzu ya bwana arusi iliungua ikawa karatasi tupu isiyo na darizi wala kifungo. Mabuibui ya shangazi zake yakawa shimo moja jeusi, nyuso sita zikielea juu yake. Kijana wa watu alikuwa ameombwa kazi moja tu. Hakuna tangazo la simu nililowahi kuliona likisimamisha kanzu na buibui bega kwa bega kwenye kivuli cha uchochoro. Wanatuonyesha mlima wenye theluji. Jioni, feri ikiwa inatia nanga na taa za Likoni zinaanza kuwaka, piga picha mtu anayetembea uone: utapata ukungu wenye viatu.

Haya, tuje kwenye maji, maana hasira yangu hasa iko majini.

Mwaka jana nilinunua simu ya shilingi elfu thelathini na mbili. Kasha limeandikwa IP68. Muuzaji akachukua nyingine ya aina hiyo akaitumbukiza kwenye bilauri ya maji mbele yangu, akaitoa, ikawaka, nami nikafurahi kama mtoto aliyeona mazingaombwe. Siku moja ya kusi, nimesimama mbele kabisa na wenzangu, wimbi likapiga mlango wa feri, tukarushiwa maji sote. Nikaifuta simu kwa shati. Usiku nikaichaji. Haukupita mwezi, tundu la chaji likaota kutu ya kijani, na simu ikawa haishiki moto mpaka niikandamize waya kwa kidole gumba kama anayezuia damu.

Nikairudisha. Kijana wa dukani akachungulia ndani, akanionyesha kibandiko kidogo kilichokuwa cheupe, sasa chekundu. "Imeingia maji. Waranti haipo."

"Na ile bilauri?"

"Yale yalikuwa maji matamu, ami. Wewe umeipa ya chumvi."

Wallahi nilitaka kucheka. Kisiwa hiki kimezungukwa na chumvi pande zote. Chumvi imo kwenye upepo, imo kwenye nondo za nyumba zetu, imo kwenye masufuria. Anayemuuzia mtu wa Mombasa simu isiyotaka chumvi bila kumwambia hivyo, amemuuzia mvuvi ngalawa isiyotaka bahari.

Kiufundi kijana yule hakukosea. Kwenye IP68, ile 6 ni ya vumbi na ile 8 ni ya kuzama majini, na majaribio hayo hufanywa maabara, kwa maji matamu, simu ikiwa mpya. Maji ya chumvi ni kiumbe mwingine: yakibaki kwenye tundu la chaji, ukitia umeme, yanakula chuma. Makampuni yanalijua hilo na yameshaadhibiwa kwalo. Novemba 2020 Italia iliitoza Apple faini ya yuro milioni 10 kwa kutangaza kwamba simu zake zahimili maji ilhali zikiharibiwa na maji waranti haigusi. Juni 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia ikaiamuru Samsung ya huko ilipe dola za Australia milioni 14. Kosa lake lilikuwa matangazo yaliyowaonyesha watu wakiwa na simu kwenye mabwawa ya kuogelea na baharini, ilhali matundu ya chaji ya simu hizo yangeweza kuliwa na kutu zikichajiwa zingali mbichi. Someni tena: matundu ya chaji, maji ya bahari. Kesi yangu neno kwa neno. Tofauti ni kwamba Australia kulikuwa na ofisi ya serikali iliyowapeleka mahakamani, na mimi niliambiwa nimeipa simu maji ya chumvi.

Nani hapa atasema hatuna sheria? Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya yampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya maelezo ya kumwezesha kufaidi alichonunua, na fidia akipata hasara. Sheria ya Kulinda Watumiaji ni ya mwaka 2012. Na serikali yetu ikitaka kuzikamata simu, huziweza vizuri sana. Mwisho wa Septemba 2012 ilizima simu bandia nchi nzima, mtu akaamka asubuhi simu yake ni tofali. Mwaka 2022 ikaweka ushuru wa asilimia 10 juu ya simu zinazoingizwa. Kisha ikatangaza kwamba kuanzia 1 Januari 2025 ingetaka namba ya IMEI, ile inayoitambulisha kila simu, kwa kila simu inayoingia, ili ihakikishe kodi imelipwa. Oktoba 2023 rais alikwenda Athi River kuzindua kiwanda cha kuunganisha simu, na nchi ikashangilia bei ya shilingi 7,499. Bei tumeijua, kodi tumeijua, namba tumeijua. Kama kioo chaonekana nje ya mlango wa duka, hilo hakuna afisa aliyetumwa kwenda kulitazama.

Huko Ulaya, tangu 20 Juni 2025, simu mpya hubandikwa lebo yenye madaraja: inastahimili kuanguka kiasi gani, inatengenezeka kwa urahisi gani, betri inavumilia chaji ngapi. Na vipuri sharti vipatikane kwa miaka 7 baada ya simu kuacha kuuzwa. Kampuni hizohizo, pengine mstari uleule wa kiwandani. Simu inayokwenda Hamburg inapewa cheti cha kuanguka, na inayokuja Kilindini, kwa watu takriban laki tatu wanaosukumana kila siku kwenye sitaha ya chuma, haipewi hata onyo. Ukiangusha ya kwako pale kwenye mteremko wa kushukia, fundi atakutajia bei ya kioo kipya inayokaribia nusu ya bei ya simu, na mgongo wake wa plastiki uliodhani ni kioo utaujua siku hiyo.

Mzigo mzito zaidi anao aliyenunua kwa mkopo wa kila siku. Tangu Safaricom na Google walipozindua Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, ya shilingi 20 kwa siku, mipango ya namna hiyo imejaa mjini, mizuri na mibaya. Sina ugomvi na mkopo. Nina ugomvi na mtu kulipia kila uchao simu iliyokwishakufa kioo mwezi wa tatu, huku akiogopa kufungiwa asipolipa.

Nilipomlalamikia muuzaji mmoja, mtu mzima mwenye ndevu zake, alinijibu kwa methali: rahisi inavunja upishi. Nimeichoka methali hiyo. Kila fidhuli wa biashara ameigeuza ngao. Shilingi elfu thelathini na mbili ni rahisi kwa nani? Na mpishi aliyeuziwa chungu chenye ufa uliofichwa kwa rangi, upishi ukimwagika lawama ni yake? Anayeuza kitu rahisi na akasema ni rahisi, kioo chake ni cha ndani, hakitaki chumvi, macho mawili ni ya mapambo, huyo nitamnunulia na nitamwombea dua. Nataka maneno hayo yaandikwe kwa Kiswahili ubavuni mwa kasha, na bei ya kioo cha kubadilisha ibandikwe ukutani, pembeni ya bei ya simu.

Kabla hayajaandikwa, tujihami wenyewe. Weka risiti. Lipige picha kasha, hasa pale palipoandikwa IP. Muuzaji akitumbukiza simu kwenye bilauri, mrekodi, sauti na sura. Mahakama ya Madai Madogo iko Mombasa, hushughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni moja, wakili si lazima, na sheria yataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Yangu naiandaa. Na kabla hujatoa hata shilingi, omba utoke na simu nje mchana, uisome, upige picha ya mtu mwenye kanzu. Akikukatalia, zirudishe pesa mfukoni, upande feri uende zako.