Kujihoji Kabla ya Kulala

Katika kituo cha polisi kuna kitabu cha matukio. Aliyeletwa, saa aliyofikishwa na shitaka lake, yote huandikwa humo, na zamu inayoingia hukisoma ili ijue yaliyopita. Lakini askari huyo huyo, mwangalifu wa habari za wengine, akifika nyumbani na kuvua kofia, habari zake mwenyewe hazina kitabu. Siku yake huisha bila kuulizwa, na kosa la jana hurudiwa leo.

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Ni kweli, walakini kuona siyo kujifunza. Mtumishi asiyejihoji huzeeka pamoja na makosa yake.

Huko Roma ya kale aliishi Seneca, mwanafalsafa na mshauri wa Kaisari Nero, aliyefariki mwaka 65 baada ya Kristo. Katika kitabu chake juu ya hasira ameeleza desturi yake ya kila usiku. Taa ikiisha kuondolewa, mkewe, aliyeijua desturi hiyo, hunyamaza. Naye huipitia siku yote, maneno na matendo, bila kujificha lolote. Akikumbuka kwamba alimkemea mtu kwa ukali mno, hata badala ya kumrekebisha akamchukiza, hujionya asirudie, kisha hujisamehe.

Jambo hilo lina maana kubwa katika nyumba ya askari. Baba hukemewa na mkubwa wake asubuhi, akashinda juani na njaa, akarudi jioni na kumfokea mtoto kwa ajili ya kikombe kilichovunjika. Asipofikiri, ataamini kuwa kikombe ndicho kilichomkasirisha. Akifikiri, ataona kuwa hasira ilitoka kazini, ikafuatana naye njiani, ikamwangukia asiyehusika. Asipoliona hilo mapema, mtoto atazoea kukimbilia jikoni kila asikiapo mshindo wa viatu vya baba yake, na baba hatajua sababu.

Robo saa kila usiku yatosha, na maswali ni matatu. Leo nimetenda jema gani? Nimekosea wapi, na kosa lilianzia wapi? Kesho nifanye nini ili lisirudi? Jibu na liwe dogo linalotendeka: kuvua viatu, kunywa maji na kupumzika kidogo kabla ya kuuliza habari za nyumba. Mwenye daftari aandike mstari mmoja, na mwisho wa juma ayasome aliyoandika.

Mama naye anayo siku yake ya kuhesabu: fedha ya matumizi ilivyokwenda, na neno alilomwambia jirani. Kila mmoja ajihoji nafsi yake, wala asimhoji mwenzake. Ukimya wa mke wa Seneca ulikuwa msaada mkubwa kuliko maonyo.

Na asubuhi, kabla ya kwenda lindoni, baba amwite mtoto yule wa kikombe. Kusema "nisamehe, mwanangu" hakumpunguzii askari cheo.