Kijana akiaga anakwenda msituni kwa Wamaya, mzazi aulize nini?

Mtoto anasoma Canada, Marekani au Mexico. Likizo inakaribia, na mzazi aliyeko Tanga au Kisumu anategemea kusikia habari za mitihani. Badala yake unaingia ujumbe wa simu: yeye na wenzake watatu wanakwenda Guatemala kuona magofu ya Wamaya. Hawatapanda ndege. Watakwenda kwa mabasi, begi mgongoni, na watalala msituni.

Mzazi akisikia msitu huwaza chui na nyoka, na neno la kwanza linalomtoka ni "hapana". Lakini kijana wa miaka 22 aliye mbali na nyumbani akikatazwa huweza kwenda kimya kimya, na akipatwa na jambo huko hana wa kumweleza. Afadhali mzazi ajue safari hiyo ikoje, ili maswali yake yawe ya maana na kijana ayasikilize.

Safari yenyewe

Wamaya walijenga miji ya mawe katika nchi ambazo leo ni kusini mwa Mexico, Guatemala, Belize na sehemu za Honduras na El Salvador. Hawakutoweka. Mamilioni ya watu wa Guatemala leo ni Wamaya, wanazungumza lugha zao, na baadhi yao ndio wanaowaongoza wageni msituni. Kilichoachwa ni miji, na msitu ukaifunika.

Njia inayopendwa na vijana huanzia magofu ya Palenque, Mexico. Hupita mto Usumacinta kwa mtumbwi wa injini hadi Guatemala, kisha basi hadi mji mdogo wa Flores. Kutoka hapo ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari hadi Tikal, hifadhi ya taifa tangu 1955, ambako mahekalu huchomoza juu ya miti. Wengi huishia hapo.

Wachache huendelea hadi El Mirador, na hapo mzazi ndipo ahesabu siku. Hakuna barabara ya kawaida ya gari. Watu hutembea kwa miguu kutoka kijiji cha Carmelita, mizigo ikibebwa na nyumbu, na kwenda na kurudi huchukua kama siku tano. Mwisho wa njia wanapanda La Danta, jengo lenye urefu wa mita 70 hivi. Atakayeugua siku ya pili yuko mbali sana na daktari.

Kwa hiyo swali la kwanza si "kwa nini unakwenda?" Swali ni: mnaishia Tikal au mnatembea hadi Mirador? Anayelala hotelini Flores na anayelala kwenye hema siku tano hawahitaji maandalizi sawa.

Maji yaliwashinda hata wenyewe

Tikal haikuwa na mto wala ziwa karibu. Wakazi wake walitegemea mvua, wakachimba mabwawa makubwa ya kuikinga. Mwaka 2020 watafiti walitangaza mambo mawili waliyoyakuta katika matope ya mabwawa hayo. Katika bwawa moja, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, Wamaya walichuja maji kwa mawe ya zeolaiti na mchanga mgumu walioutoa mbali. Lakini mabwawa yaliyokuwa karibu na ikulu na mahekalu yalikutwa na zebaki nyingi, inayodhaniwa ilitoka katika rangi nyekundu ya majengo, pamoja na dalili za vijidudu vya majani vinavyotoa sumu. Huenda waliokuwa na vyeo ndio waliokunywa maji mabaya zaidi.

Kijana wa leo hana sababu ya kurudia kosa hilo. Kuharisha ndiko kunakowasumbua wasafiri wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote, na kwenye joto la msitu huo mtu anayeharisha huishiwa maji mwilini haraka. Anywe maji ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa. Kwa safari ya Mirador abebe vidonge vya kutibu maji na pakiti kadhaa za ORS. Pakiti hizo ni nyepesi, ni za bei ndogo, na ndizo zitakazomsaidia usiku ambao hakuna duka. Barafu ya mitaani na saladi iliyooshwa kwa maji ya bomba aziache.

Akiharisha damu, au akiharisha huku ana homa kali, asiendelee na safari.

Mbu wa kule na malaria ya kule

Hapa ndipo vijana wa Afrika Mashariki hujiamini kupita kiasi. Wamekua na malaria, wanasema, kwa hiyo hawaiogopi. Yako mambo matatu wanayopaswa kuelezwa.

Kwanza, kinga ile ya kuumwa na mbu kila mwaka haikai milele. Aliyeishi Toronto miaka mitatu damu yake imeanza kusahau malaria. Hilo linamhusu akiwa Guatemala, na linamhusu zaidi siku atakaporudi likizo kwa bibi yake Muleba.

Pili, malaria ya Amerika ya Kati si ile iliyozoeleka kwetu. Huku vimelea vinavyoongoza ni falsiparamu, kule ni vivaksi. Waafrika wengi wana damu inayovizuia vivaksi kwa kiasi kikubwa, ila si ngao kamili, na si kila mtu anayo. Vimelea hivyo hujificha kwenye ini na vinaweza kuamka wiki au miezi baadaye. Cha ajabu kwa wazazi wanaoikumbuka klorokwini na ule muwasho wake, iliyoondolewa kuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania mwaka 2001, ni kwamba kule bado inafanya kazi. Lakini klorokwini haifiki kwa vile vilivyojificha kwenye ini. Hivyo huhitaji dawa nyingine iitwayo primakwini, na dawa hiyo huvunja chembe nyekundu za damu kwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Upungufu huo hauko mbali na familia zetu, kwani hupatikana zaidi kwa watu wa maeneo yenye malaria ya miaka mingi, Pwani ikiwamo. Kijana apimwe kabla ya kumeza primakwini, na asikubali kuinunua kwa kuambiwa na rafiki.

Tusitishane pia. Nchi za huko zimepiga hatua. El Salvador ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina malaria mwaka 2021, na Belize mwaka 2023. Hatari iliyobaki katika misitu ya Guatemala ni ndogo ukilinganisha na kandokando ya Ziwa Victoria. Daktari ndiye atakayesema kama kijana anahitaji dawa ya kinga, kulingana na njia anayopita.

Tatu ni dengue, na hii ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Wakazi wa Dar es Salaam wanaijua tangu milipuko ya 2014 na 2019. Mbu wake huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Nguo ya mikono mirefu na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu ndizo kinga. Akipata homa na maumivu ya viungo asikimbilie diklofenaki, aspirini wala ibuprofeni, maana zinaweza kuchochea damu kutoka. Atumie parasetamoli, anywe maji mengi, aende akapimwe. Siku ya hatari ni ile homa inaposhuka. Tumbo likiuma sana, akitapika bila kukoma au fizi zikitoa damu, hiyo ni hospitali mara moja, hata kama anasema amepata nafuu.

Kidonda kisichouma

Zamani wanaume wa misitu hiyo waliishi kwa kugema utomvu wa mti wa sapota, utomvu uliotengenezewa chingamu. Waliitwa chiclero, na baadhi ya magofu yalijulikana kwa watafiti kwa sababu wao ndio waliyakuta kwanza. Waliacha pia jina katika vitabu vya udaktari: kidonda cha chiclero, kinachokula ukingo wa sikio.

Kinaletwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, anayeweza kupenya kwenye matundu ya chandarua cha kawaida. Ni ndugu wa usubi anayeeneza kala-azar Baringo na Turkana, ingawa vimelea vya msitu ule hushambulia zaidi ngozi. Wiki kadhaa baada ya kuumwa hutokea kipele, kisha kidonda ambacho mara nyingi hakiumi na hakiponi. Kwa kuwa hakiumi, kijana hukipuuza. Kidonda cha namna hiyo kikipita wiki tatu bila kupona, kionwe na daktari, na daktari aambiwe habari ya msitu.

Wapo pia funza wa ngozi. Mama zetu walitufundisha kupiga pasi nguo zilizoanikwa nje ili funza wasiingie mwilini. Kule pasi haisaidii, kwa sababu inzi wa huko hubandika mayai yake juu ya mbu, na mbu akitua kwenye ngozi lava huingia. Linaonekana kama jipu lenye tundu dogo linalopumua. Haliui, lakini lisikamuliwe kwa nguvu. Kituo cha afya kitalitoa.

Barabara, ngazi na nyoka

Kwa kijana mwenye afya, ajali ya barabarani ni tishio kubwa kuliko mnyama yeyote wa msituni. Guatemala hutumia mabasi ya zamani ya shule kutoka Marekani yaliyopakwa rangi za kuvutia, na yanajaa kama daladala za Mbagala saa za jioni. Asafiri mchana. Dereva akiendesha kwa fujo, ashuke. Basi lingine litakuja.

Kwenye magofu yenyewe, ngazi za mawe ni nyembamba, zina kuvu, na mvua ikinyesha zinateleza. Hekalu la Kwanza la Tikal halipandwi tena, ni marufuku. Mengine yamewekewa ngazi za mbao. Palipoandikwa usipande, picha ya Instagram isimpandishe.

Nyoka wa kuogopwa ni barba amarilla, nyoka mwenye rangi za majani makavu, na ndiyo maana watu humkanyaga. Buti lenye kufunika kifundo cha mguu, tochi usiku, na kuangalia upande wa pili wa gogo kabla ya kuliruka hupunguza hatari sana. Aliyeumwa asichanjwe, asinyonywe sumu, asifungwe kamba ya kukata damu. Atulizwe, asitembezwe ovyo, apelekwe hospitali yenye dawa ya sumu. Akiumwa na mbwa au popo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha atafute chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo.

Mambo ya kumaliza kabla hajaondoka

Chanjo ya homa ya manjano ina mtego. Mexico haiulizi cheti hicho, lakini Guatemala na Belize hukidai kwa msafiri anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya na Uganda zimo. Anayetoka Tanzania aulize ubalozini mapema, kwa kuwa baadhi ya nchi huihesabu pia. Mwenye kadi aibebe hata kama ameishi ughaibuni miaka. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo na hudumu maisha yote, kwa hiyo aliyechanjwa zamani hachanjwi upya. Wazazi wengi wanazo kadi hizo kwenye droo nyumbani. Ipigwe picha atumiwe, na kadi yenyewe ifuate.

Amuulize daktari pia kuhusu chanjo za homa ya ini A, homa ya matumbo na pepopunda.

Bima ya safari iandikwe wazi kwamba inalipia kumtoa mgonjwa msituni. Bima nyingi za wanafunzi hulipia hospitali tu, na mtu aliye siku mbili ndani ya msitu wa Mirador anaweza kuhitaji helikopta ili kuifikia hospitali hiyo.

Jambo la mwisho kabla ya begi kufungwa ni ratiba. Mzazi apewe majina ya miji, tarehe, na siku ambayo simu haitapatikana. Ukimya wa siku tano uliotangazwa haumnyimi mama usingizi kama ule wa saa sita usiotangazwa.

Akisharudi

Kazi ya mzazi haiishi kijana anaposema amefika salama. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu ya kwanza ni ya kupimwa siku hiyohiyo, na kwa sababu ya vivaksi tahadhari iendelee hata mwaka. Baadhi ya vipimo vya haraka vya malaria vinalenga falsiparamu ya huku, hivyo jibu la "huna malaria" lisimalize mazungumzo kwenye zahanati.

Muuguzi wa Mwanza au Mombasa hawezi kukisia kwamba mgonjwa aliye mbele yake alilala Petén mwezi uliopita. Mzazi amfundishe mwanawe kuanza na sentensi moja kabla ya kueleza maumivu yoyote: nilikuwa msituni Guatemala, nilitoka tarehe fulani, na mbu waliniuma.