Tusiifungie Darubini, Tuifunge Kamba

Najua nimepotea, ni testi ndizo zilizonimeza, ila nipo hai. Leo siandiki habari za boom wala foleni ya kafeteria. Leo nina hoja, na naomba mnivumilie mpaka mwisho, manake Jumamosi tunapiga kura na mimi nimeshachagua upande.

Kwa wasiojua: hapa chuoni tuna kikundi chetu cha kuangalia nyota, watu kumi na kitu. Tulichangishana tukanunua darubini ya mtumba yenye kioo cha milimita 114, stendi yake ya miguu mitatu na lenzi tatu za jicho, zile ndogo za kuchungulia. Majuzi lenzi moja ilimponyoka mdogo wetu wa mwaka wa kwanza ikatua kwenye zege. Kwisha habari yake. Sasa kuna pendekezo lenye vipengele viwili. Kwanza, dogo alipe. Pili, kuanzia sasa darubini iguswe na watu wawili tu, wengine tuchungulie mikono ikiwa nyuma, halafu ikirudi kabatini ipigwe kufuli.

Mimi napinga vyote viwili, na sipingi kwa sababu ya huruma. Napinga kwa sababu havitazuia kitu kingine kuanguka.

Tuanze na hesabu, tena ya sekondari tu. Kitu kikiachiwa kutoka kimo cha mita 1.2 kinafika chini kwa nusu sekunde hivi, kikiwa na mwendo wa karibu mita 5 kwa sekunde. Mtu aliye macho, mchana kweupe, anachukua kama robo sekunde mpaka mkono uanze kuitikia. Sasa weka giza, weka watu watano wanaogombea kuiona Zohali, weka vidole vyenye jasho la hapa pwani. Ile kauli ya "angekuwa makini" inaishia hapo. Kitu kikishatoka mkononi, umakini umechelewa. Kinachosaidia ni kile ulichokipanga kabla hakijatoka.

Na hesabu ya pili ni tamu zaidi. Chukua bomba la darubini la kilo 4, lianguke kutoka kimo hichohicho. Likisimamishwa na zege ndani ya milimita 1, wastani wa nguvu inayolipiga ni sawa na kubebeshwa karibu tani 5. Likisimamishwa na sponji inayobonyea sentimita 5, nguvu hiyo inashuka mpaka kama kilo 100, yaani mtu mmoja aliyeshiba. Darubini ni ileile, kimo ni kilekile, tofauti ni kipande cha godoro chakavu. Wenye vyumba hosteli mnajua magodoro chakavu hatujawahi kupungukiwa.

Sasa tuulizane, darubini zinaangukaje hasa? Ukikaa ukachunguza utaona karibu kila ajali ina mlango wake, na mlango ni wa kufunga.

Kuna wakati wa kuipandisha kwenye stendi. Stendi yetu ni ya aina ile yenye fimbo na chuma cha kusawazisha uzito. Utaratibu ni chuma kwanza, bomba baadaye. Wakati wa kufungua unageuza: bomba linatoka kwanza, chuma mwisho. Ukipindua, upande mmoja unakuwa mzito ghafla, bomba linazunguka lenyewe na kugonga stendi, au kila kitu kinalala chini. Na ile skrubu ndogo ya mwisho wa fimbo ambayo wengi wanadhani ni urembo, kazi yake ni kuzuia chuma kisichomoke kikatua kwenye vidole vya miguu. Ifungwe kila siku.

Kuna reli ya bomba inayoingia kwenye taya za stendi. Mtu akilegeza skrubu kidogo "ili nirekebishe tu", bomba linateleza. Dawa yake ni mbili: skrubu ya kizuizi kwenye ncha ya chini ya reli, na mkanda wa begi kuukuu uliofungwa kwenye pete za bomba na kwenye stendi, ukiwa na ulegevu wa kutosha kuzunguka ila si wa kutosha kufika chini. Bei yake ni sifuri. Mikanda ya mabegi yaliyokufa imejaa chini ya vitanda vyetu.

Kuna miguu ya stendi yenyewe, ambayo gizani haionekani. Mtu anakuja mbiombio, "na mimi nione", anaupiga teke mguu mmoja. Bandika plasta nyeupe kwenye kila mguu, weka tochi dhaifu yenye karatasi nyekundu chini katikati. Nyekundu haiharibu macho yaliyozoea giza. Na miguu yenyewe ikae kwenye ardhi ngumu, tandiko la sponji lizunguke pembeni. Msiisimamishe stendi juu ya godoro, itayumba na mtaanza kesi nyingine.

Halafu kuna lenzi za jicho, ambazo ndizo zilizotufikisha hapa. Hizi huponyoka kwenye makabidhiano. Huyu anadhani yule ameshika, yule anadhani huyu hajaachia. Manesi na mafundi wanaopeana vitu vya hatari wana dawa ya siku nyingi: kusema kwa sauti. Anayepokea anasema "ninayo", ndipo anayetoa anaachia. Kabla ya neno hilo hakuna kuachia, hata kama ni profesa. Ikiingia kwenye darubini, skrubu yake inakazwa kabla mkono haujatoka. Na boksi la lenzi liwe wazi kabisa au liwe limefungwa na komeo lake. Boksi lililofunikwa bila komeo ni mtego, manake atakuja mtu alinyanyue kwa mpini.

Safarini ni hivyohivyo. Tukienda kuangalia nje ya mji, bomba lisafiri ndani ya tranka, lile la bati tulilokwenda nalo bweni sekondari, lililojazwa sponji iliyokatwa kwa umbo lake. Kwenye daladala lipakatwe. Nyuma ya bodaboda hapana, hata kama dereva anaapa. Likifika salama bado skrubu zikaguliwe, manake mtikisiko wa barabara hulegeza.

Angalieni sasa: katika yote hayo, ni wapi sheria ya "watu wawili tu" imesaidia? Hao wawili nao wana vidole, nao wana jasho, nao gizani hawaoni miguu ya stendi. Tutakuwa tumepunguza mikono, milango yote iko wazi vilevile.

Na kabati lenyewe si salama kama tunavyodhani. Kwa unyevu huu wa pwani, lenzi iliyofungiwa kwenye boksi lisilopata hewa huota kuvu, na kuvu hula ile tabaka nyembamba iliyopakwa juu ya kioo. Kinachoanguka angalau kinapiga kelele. Kinachooza kabatini utakijua siku ukifungua.

Hili nimeliona kwa macho. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule fulani (siitaji) ilikuwa na darubini ya msaada. Nikaomba niwaonyeshe kidato cha pili Mwezi. Nikajibiwa kwa upole kabisa: "Mwalimu, ikianguka nani atalipa?" Ilikuwa stoo, imefunikwa na kitambaa, na vifuniko vyake vya kiwandani bado vimo. Haijawahi kuanguka hata mara moja. Haijawahi pia kuonwa na jicho la mtoto yeyote pale. Niambieni wadau, kati ya hiyo na lenzi yetu iliyopasuka baada ya mamia ya watu kuchungulia, ipi imepotea zaidi?

Sisi tunaosomea ualimu tunatakiwa tuogope zaidi jibu lile kuliko zege, manake kesho ndio tutakaokuwa na funguo za stoo.

Kuna mzee mmoja Marekani, John Dobson, aliyefariki mwaka 2014. Yeye na wenzake kuanzia mwaka 1968 walikuwa wanasimamisha darubini kubwa barabarani San Francisco na kuita wapita njia waje waone. Stendi yake ilikuwa sanduku la mbao linalokaa chini kabisa, linazunguka kama kiti cha ofisini, halina miguu ya kujikwaa. Leo darubini za mtindo huo zinaitwa kwa jina lake dunia nzima. Mzee hakuwazuia watu wasiguse. Alitengeneza kitu ambacho watu wanaweza kukigusa.

Na kama mnadhani kuvunja ni aibu ya wanaojifunza tu, ile lenzi ambayo Galileo aliitumia kugundua miezi ya Mshtarii Januari 1610 ipo makumbusho Florence, Italia. Imepasuka. Ilitengenezewa fremu ya pembe ya ndovu mwaka 1677 na nyufa zake zikiwemo humohumo.

Nirudi kwa dogo. Mnataka alipe lenzi ambayo bei yake ni hela yake ya kula ya wiki mbili. Alipewa gizani, bila tandiko chini, bila neno la kupokezana, na sisi wakubwa tukiwepo. Akilipa tutakuwa tumefundisha kitu kimoja tu: usishike. Na mwakani mwaka wa kwanza hawatashika, watakuja mara moja, wataangalia kwa mbali, watarudi kucheki mpira. Kikundi kitakufa kikiwa na darubini nzima.

Kwa hiyo Jumamosi napeleka pendekezo langu. Lenzi tuchangie wote, kidogokidogo. Kila anayetaka kushika afundishwe dakika ishirini mchana, kwenye mwanga, kuifunga na kuifungua darubini mara tatu. Tandiko, plasta, mkanda na neno "ninayo" viwe sheria kwa kila mtu, kuanzia mwenyekiti. Na ikitokea imeanguka tena, asiyumbishe mtu wala kufuta kioo kwa shati: ilazwe, isikilizwe kama kuna kinachogongana ndani, vipande vitolewe kwa kupuliza, halafu usiku ijaribiwe kwenye nyota moja kali tuone kama vioo vimehama. Vioo vilivyohama hupangwa upya kwa skrubu. Si kila kilichoanguka kimekufa.

Na wa kwanza kufundishwa awe dogo mwenyewe. Kati yetu wote ndiye ambaye hatasahau kamwe kusema "ninayo".

Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo Jumamosi, nitamsikiliza. Naomba kuwakilisha.