Maua ya Kilima Kisicho na Miti

Katika nchi ya Kakanda, upande wa Likasi, vipo vilima ambavyo watu huvipita bila kuvitazama mara ya pili. Pande zote ni msitu wa miombo, na katikati kilima chenye nyasi fupi tu. Wengine husema kwamba ardhi hiyo imelaaniwa. Sisi twakataa.

Mwisho wa Septemba tulikipanda kimojawapo. Mvua ilikuwa haijanyesha bado, na moto wa kiangazi ulikuwa umekwisha pita, hata majivu yakatimka miguuni. Miombo ilikuwa imevaa majani machanga mekundu. Tulipoupita mti wa mwisho, tukaona maua yamefumbuka juu ya majivu, ya manjano na ya urujuani, mengine bila jani hata moja! Mimea hiyo huweka chakula chake chini ya ardhi tangu masika, kwa hiyo haingoji mvua.

Kati ya maua yalikuwapo mawe ya kijani, na hayo ndiyo yaelezayo yote. Udongo wa hapo una shaba na kobalti nyingi mno, miti mingi haiuwezi. Mimea michache tu imeizoea sumu hiyo. Mmoja, ambao wataalamu huuita Haumaniastrum katangense, watafuta madini waliuita ua la shaba: ulipoota kwa wingi, hapo walichimba. Tena huota penye tanuri za kale, ambapo mababu waliyeyusha shaba na kufanya ile misalaba iliyotumika kama fedha. (Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari za mafundi hao mwaka 1926.) Mwingine, Crotalaria cobalticola, wa jamaa ya kunde, hupenda udongo wenye kobalti. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2010 yataja aina zaidi ya 30 zisizoota ila katika udongo wa namna hii.

Hapa pana jambo zito. Migodi yawalisha watoto wetu na kuwalipia ada ya shule. Hatuwezi kumwambia baba wa nyumba aweke koleo chini kwa ajili ya ua. Lakini kilima kikiondolewa, ua lake halina pa kuhamia. Huko Dikuluwe, karibu na Kolwezi, uliota mmea uitwao Acalypha dikuluwensis, usiojulikana mahali pengine popote duniani. Wachimbaji waliondoa udongo wa juu, na mwaka 2012 shirika la IUCN likauandika miongoni mwa mimea iliyotoweka. Mungu aliuumba, hakuna kiwanda kiwezacho kuutengeneza tena.

Fungurume, jirani ya Kakanda, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wamejaribu kuihamisha mimea ya shaba kabla ya mashine kufika. Kazi hiyo ni ngumu, maana yapasa kuuchukua na udongo wake.

Nanyi wanafunzi, mkipanda vilimani msing'oe kitu. Chukueni daftari, mwandike rangi ya ua, mwezi, na jiwe lililo karibu yake. Kisha waulizeni bibi zenu jina lake kwa Kisanga, mkaliandike nalo.